Vitete vya Mngazija

Yunusu alitoka Ngazija, na Kisiwani watu hawakumwita kwa jina lingine. Mngazija njoo, Mngazija umelala, Mngazija mke wangu anakuulizia. Hilo la mwisho lilikuwa la kumchokoza, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza manukato ya wanawake, na wanaume wa Kilwa Kisiwani wakikaa barazani kwa Jumbe hawakuchoka kumtania. Walisema ati akipita karibu na kipofu, kipofu huuliza harusi ni ya nani. Yeye alicheka nao, akaketi pale mkeka ulipokwisha na udongo ulipoanza, akasikiliza zaidi kuliko alivyosema.

Aliingia kisiwani kabla Wadachi hawajaanza kudai kodi ya nyumba, akiwa na sanduku moja la mti na maneno ya kwao yaliyomponyoka kila alipokasirika. Akapangishwa kibanda chenye ua mpana. Humo alichemsha mafuta ya ufuta na ya nazi kwa moto mdogo, akitia liwa, karafuu, asumini, mkadi, na maua makavu ya langilangi aliyoagiza kwao kwa mabaharia. Mtu anayefanya biashara ugenini, tena katika kisiwa kidogo, hana nafasi ya kugombana. Utakayemtukana leo utamkuta kesho kisimani, na keshokutwa mtasimama safu moja msikitini. Yunusu alilijua hilo. Akipunjwa alinyamaza. Mchango wa msiba ukipita, hata wa mtu asiyemfahamu, alitoa. Alizika nao, akafunga nao, akatoa mpunga wake kwenye maulidi yao.

Na bado alikuwa mgeni. Aliwahi kupeleka mshenga kwa ajili ya Sada, mwanamke aliyeachwa na mumewe akarudi kukaa kwa shangazi yake, Bi Ziada, akisuka mikeka na mapakacha ya kuuza. Jibu lilirudi siku ileile: kwao hatukujui. Ndugu mmoja akaongeza huku akicheka, "Akimpiga binti yetu, tukamshitaki kwa nani? Kwa papa wa baharini?" Mshenga aliona aibu kumfikishia hilo, lakini Kisiwani neno halihitaji mshenga ili lifike.

Biashara yenyewe ilikwenda vizuri, na iliyoifanya iende vizuri ni vitete. Chupa ziliuzwa ghali na Wahindi wa Kivinje, tena zilivunjika njiani. Yunusu alivuka ng'ambo akakata matete mtoni, akayaanika, akayakata vipande vya urefu wa kidole, kila kipande na fundo lake likiwa kitako. Alijaza mafuta, akaziba kwa usufi, akapaka nta juu yake. Kisha kwa waya wa moto alikizungushia kila kitete duara mbili nyeusi, moja juu na moja chini, ili mtu asije akauziwa cha mwingine akadhani ni chake. Hakukuwa na mwingine. Yalikuwa majivuno ya fundi tu.

Vitete hivyo havikupita mikononi mwa wanaume. Bi Ziada ndiye aliyekuwa kungwi wa mji, mwenye kuwafunda wanawali na kuwaingiza ndani maharusi, na ndiye aliyevichukua kwa mlango wa ua na kuvigawa majumbani chini ya kanga. Mwanamke aliyeolewa alipewa kitete chake pamoja na mafunzo yake, na tangu siku hiyo alikificha. Mume aliijua harufu. Chombo hakukiona mpaka anazikwa. Mwanamke ambaye mumewe aliona kitete chake alichekwa na wenzake kama aliyetoka nje bila nguo. Kwa hiyo wanaume walimwona Mngazija uani kwake akichoma duara kwenye matete, wakadhani ni vibweta vya tumbaku ya kunusa vya kuwauzia watu wa bara. Wanawake waliwaacha wadhani hivyo.

Nta Yunusu aliipata kwa Likwata, Mmatumbi mrefu, mcheshi, aliyeteremka na mizigo ya nta na asali kila mvua zilipokatika. Mwaka ule wa vita alikuja mapema. Alikuwa amekonda, na hakukaa kula. Alisema nta yote aliyokuja nayo ataiacha, naye hataki pesa wala nguo. Anataka vitete. Vitupu.

Yunusu alishangaa. Akamuuliza kama watu wa huko milimani wameanza wote kunusa tumbaku. Likwata akacheka, akasema ndiyo, tumbaku, mwaka huu kila mtu ananusa. Yunusu hakuuliza tena. Nta ilikuwa nyingi na nzuri, na mtu wa biashara akiuliza maswali mengi mteja huenda kwa mwingine. Alikata matete mpaka vidole vikapasuka. Alimwagiza Sada mapakacha makubwa ya kufungia mzigo, Likwata akaondoka nayo kwa mtumbwi.

Kipupwe hakijaisha, habari zikaanza kuvuka maji. Wamatumbi wameng'oa pamba. Samanga imechomwa. Wahindi na Waarabu wanakimbilia Kivinje na watoto mgongoni. Watu wa bara wamepata dawa, ni maji, mtu akinyunyiziwa risasi haimwingii. Kisiwani watu walisikiliza kama wanavyosikiliza radi ya mbali, wakiangalia upande upepo unakotoka. Wengine walisema uongo. Wengine walinyamaza kwa namna ya mtu anayetaka iwe kweli, kwa sababu viboko vya shamba la pamba vilikuwa havijapona migongoni.

Kisha akafika mvuvi kutoka Kiswere, akasema wapiganaji wanavaa dawa yao shingoni. Huitia katika kitete, akasema, kitete kidogo hivi, chenye uzi wa kitani.

Yunusu alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Alikiweka chini kikiwa na kahawa nusu, akaaga.

Siku zilizofuata alifanya kazi yake kama kawaida, ila hakukata matete. Usiku alilala macho. Alijiambia kwamba matete yanaota kila mto, na kila mtu ana kisu. Alijiambia kwamba yeye ni mtu wa Mfaransa, kwa kuwa Ngazija iko mikononi mwa Mfaransa, na Mdachi hawezi kumgusa hivihivi. Halafu alikumbuka duara zake mbili.

Alhamisi alasiri Jumbe Kibwana alirudi kutoka Masoko, alikokuwa ameitwa na akida wa Wadachi. Jumbe huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa, Mdachi juu na watu wake chini, na kila mwaka alizidi kuinama. Alishuka mtumbwini bila kusalimiana na mtu, akaagiza wanaume wote waje barazani. Walipokaa, akatazama mwisho wa mkeka.

"Mngazija, sogea hapa katikati."

Yunusu alisogea.

Jumbe akaeleza. Askari wamemwua mtu kule juu, wakamkuta na kitete shingoni. Akida amemwonyesha. Kina duara mbili nyeusi, moja juu na moja chini, zimechomwa kwa waya. Akida hakujua ni kazi ya nani, naye Jumbe hakusema, ila kuna mtu hapo Masoko amesema aliwahi kuona matete ya namna hiyo Kisiwani. Keshokutwa asubuhi akida anavuka na askari kupekua nyumba kwa nyumba. Nyumba itakayoonekana na kitete, mwenyewe anafungwa kamba na kupelekwa Kivinje. Kila mtu alijua kwamba Kivinje siku hizo kamba hazikuishia mikononi.

Hapo maneno yakaanza, na hayakuwa ya utani. Mmoja alisema jambo ni jepesi, mwenye vitete yupo hapa, afungwe sasa hivi apelekwe Masoko kabla akida hajavuka, mji usafike. Mwingine akasema hana ubaya naye, amekula chumvi yetu, lakini huyu alikuja na sanduku tu. Akinyongwa, hapa hakuna mama atakayelia. Wa tatu alitaka aachwe akimbie. Wakamjibu kwamba akikimbia ndipo akida atakaposema tumemficha. Walisema hayo yote mbele yake, kana kwamba anayejadiliwa ni mbuzi. Wengi wao alikuwa amewazikia wazazi wao. Yunusu aliyatazama magoti yake. Aliona kwamba hata akiapa, hakuna atakayeuliza ameapa nini.

"Nyumba zetu ni safi," Jumbe alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri. "Tumtoe, tulale."

Kikohozi kikasikika nyuma ya mlango. Bi Ziada alikuwa ndani na wanawake wa nyumba ya Jumbe, ambaye ni mdogo wake, na pazia lilikuwa limeshushwa. Akauliza kwa upole, nyumba zipi hizo zilizo safi.

Jumbe alimwambia dada yake kwamba haya ni mazungumzo ya wanaume.

"Ndiyo maana hayaendi popote," Bi Ziada akasema. "Kibwana, ndugu yangu, ingia chumbani kwako. Nyanyua godoro upande anaolala mkeo. Halafu rudi hapo utuambie habari za usafi."

Jumbe alisita. Kisha aliinuka akaingia. Alipotoka alikuwa amefumba ngumi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi gizani. Akafungua ngumi. Duara mbili, moja juu na moja chini.

"Na nyie wengine msijisumbue," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Nimevigawa kwa mkono huu. Hakuna nyumba niliyoiruka."

Ndipo hofu ilipoingia barazani kwelikweli. Wanaume waliokuwa wakipima shingo ya mgeni sasa walianza kupima zao. Mmoja aliinuka akachome cha kwake mara moja. Bi Ziada akamzuia kwa maneno. Mtachoma vya hapa, alisema. Je, vile nilivyopeleka Masoko, na Kivinje, katika nyumba za wakubwa, mtavichomaje? Na huyu mkimtoa, atapigwa mpaka ataje alimuuzia nani. Atataja nini, kama si nyumba zenu? Aliwaacha walimeze hilo. Kisha akasema kesho iwe harusi. Nikaha baada ya sala ya Ijumaa, na keshokutwa asubuhi ngoma, wanawake wote nje, na vitete vyao viwe nje pamoja nao, kwenye nywele, kwenye sinia, popote. Askari akikitoa kitete chini ya godoro, utamwambia nini? Akikikuta kwenye nywele za mwanamke anayecheza, atasema ni silaha?

Jumbe aliuliza kwa sauti ndogo, harusi ya nani.

"Ya Sada. Na huyo hapo katikati."

Kuna mtu alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Bi Ziada akaendelea. Mgeni hana wa kumsemea. Mkwe anasemewa na mji mzima. Hakuna aliyeuliza tena habari za papa. Yunusu aliulizwa kama amekubali, naye alijibu ndiyo, na neno lenyewe likamtoka kwa Kingazija.

Sada hakuwa ameulizwa. Ijumaa asubuhi alijiuliza mwenyewe, kisha akaja kumuuliza bwana harusi. Alisimama upande wa pili wa ua wa makuti, mahali alipozoea kuletea mapakacha, na Yunusu alimjua kwa kivuli chake kilichokatika vipande kwenye nyufa.

"Mngazija, upo?"

"Nipo, bibie."

"Wanataka kukuoza ili usinyongwe. Haya. Lakini mimi nimeshaachwa mara moja, sitaki na eda ya ujane wiki ijayo. Nijibu jambo moja. Yale mapakacha makubwa niliyokusukia mvua zikielekea kukatika, ulitia nini?"

Hapo Yunusu alielewa kwamba katika kisiwa kizima yuko mtu mmoja aliyehesabu tangu mwanzo, na mtu huyo ndiye anayepewa awe mke wake. Angeweza kusema nazi. Angeweza kusema tumbaku.

"Vitete," alisema. "Vitupu."

"Alichukua nani?"

"Likwata. Yule wa nta. Aliniambia ni vya tumbaku."

"Nawe ukamwamini."

"Nta ilikuwa nyingi," alisema Yunusu. Alijisikia aibu, lakini ndiyo iliyokuwa kweli.

Kivuli hakikusogea. Yunusu aliwaza kwamba Sada akienda sasa kwa Jumbe na neno hilo, harusi haipo, na yeye yupo mtumbwini kabla ya adhana. Asingemlaumu. Kuku alipita kati yao akiparua mchanga, akaenda zake.

"Basi hilo limekwisha hapa," Sada alisema. "Shangazi asilijue, Jumbe asilijue. Akida akikuuliza ulimuuzia nani, na huyo hutaki kumtaja..."

"Sitamtaja. Labda hata ndiye aliyeuawa."

"Basi tafuta la kusema. Mimi siwezi kukutafutia, nina harusi."

Nikaha ilifungwa, na mahari ikatajwa kama inavyotajwa kwa mtu anayetarajiwa kuishi. Jumamosi asubuhi wanawake walitoka. Mwanzoni walitoka kwa kuvutana, kanga zimeshikwa kidevuni, maana walichoambiwa wafanye kilikuwa kinyume cha kila walichofundwa. Bi Ziada alitangulia. Alichomeka kitete kwenye nywele zake nyeupe, mbele ya wanaume wote, akaanza kuimba. Msichana aliyemfuata alikuwa akilia kwa haya huku akicheza. Baada ya hapo walikuja wote, vitete vikiwa masikioni, kwenye mikufu, kwenye masinia ya liwa, na walipaka mafuta mikononi mwa kila aliyepita, mpaka watoto na wazee. Wanaume walitazama chini. Kila mmoja aliinusa harufu ya chumbani kwake ikitoka kwa wake za wenzake, wala hakuna aliyejua aweke wapi macho.

Yunusu aliketishwa barazani katika kanzu ya kuazima. Ngoma ilikuwa inapigwa kwa nguvu kupita kiasi, kama wanavyopiga watu wanaosikiliza kitu kingine. Mashua ya akida ilipotia nanga, ngoma iliyumba. Bi Ziada aliwakazia macho wapigaji. Ikaendelea.

Akida alikuja na joho lake na fimbo, askari nyuma yake na bunduki. Aliingia katikati ya harusi, na ngoma ikazimika yenyewe. Aliona kitete cha kwanza, kisha cha pili, kisha akaona kwamba viko kila mahali alipotazama. Askari mmoja alirudi nyuma hatua nzima. Mwingine alishika bunduki yake kwa mikono miwili. Walikuwa wametoka kuzika wenzao huko Matumbi kwa sababu ya watu waliovaa kitu kama hiki, na sasa wamezungukwa nacho, kimevaliwa na wanawake waliopakwa liwa.

Jumbe alijitokeza, akainama. Akaeleza kwamba ni harusi, ni mafuta, ni mambo ya wanawake. Bwana harusi ni mkwe wao, mtu wa mji. Alilisema vizuri. Akida hakumjibu. Alichukua kitete kimoja kwenye sinia, akakizibua, akanusa. Akasimama hivyo kidogo, kitete puani, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akatia mkono katika joho lake, akatoa kingine, chenye uzi mchafu wa shingoni. Akaviweka viwili hivyo kwenye kiganja kimoja, akaenda mpaka alipoketi Yunusu.

"Hivi ni vya mkono mmoja?"

Kukana kungekuwa upumbavu, mwenye macho angeona.

"Mkato ni wangu, bwana," alisema Yunusu. "Hiki nilitia mafuta. Hicho sijui mwenyewe alitia nini."

"Sikukuuliza alitia nini. Ulimuuzia nani?"

Yunusu alifungua mdomo. Usiku kucha alikuwa ametafuta la kusema, na yote aliyoyapata yalionekana sasa kuwa ya kitoto. Nyuma ya mlango, alijua, Sada amesimama anasikiliza. Akida alikuwa anangoja bila haraka, na fimbo yake ilikuwa imeacha kugonga mguu.

"Ulimuuzia nani?"

Bi Ziada alifika na sinia la mafuta, polepole, kama bibi anayemkaribisha mgeni wa heshima. Alisimama karibu sana na akida. Askari walimwacha, ni kikongwe. Alisema kwa sauti ya chini, na wa kuisikia walikuwa wawili tu, akida na bwana harusi.

"Mwanangu, hilo usiliulize mbele za watu. Wa kwanza kutajwa atakuwa yumo nyumbani kwako."

Akida aligeuza kichwa.

"Mke wako mdogo, mimi ndiye kungwi wake," alisema Bi Ziada, huku akichovya kidole kwenye mafuta kana kwamba anasifia harufu. "Nilimwingiza ndani mimi mwenyewe, na vitete vyake nikampa. Viko kwenye sanduku lake la nguo, chini kabisa. Vina duara hizi hizi. Wadachi wakisikia kwamba kitete ni kesi ya kamba, nao wana watu wao wa kupekua. Nakuambia kwa sababu nakupenda, na yule mtoto nampenda."

Uso wa akida haukubadilika. Pua ndiyo iliyobadilika. Alivuta pumzi mara moja, na Yunusu, aliyekuwa karibu kuliko wote, aliona harufu ile ikimfika mahali pake, ikilikuta lile jina alilokuwa akilitafuta. Mtu yule alikuwa amevuka maji na bunduki kuja kukitafuta kitu ambacho kila usiku alilala pembeni yake.

Akida akainua sauti ili wote wasikie. Alisema ameona, ni mambo ya harusi. Lakini kwa kuwa waasi wameiga kitu hiki, vitete vyote vichomwe sasa hivi mbele yake, na kuanzia leo Mngazija asikate tete tena, akikata atakatwa mkono. Kile cha kwenye sinia alikitupa chini. Kile cha uzi mchafu alikirudisha ndani ya joho.

Waliwasha moto palepale. Wanawake walipita mmoja mmoja, wakatupa, wengine bila kutazama. Mafuta yalishika, nta ikalia, na moshi ukaenea juu ya nyumba zote, mtamu, mzito, mpaka watu wakakohoa na machozi yakawatoka. Askari waliomba wali, wakapewa. Akida hakula. Alipokuwa akipita kwenda mashuani alisimama tena mbele ya Yunusu, akamtazama kwa namna ya mtu anayeweka kitu mahali ili aje akichukue baadaye.

"Mkwe," alisema, akaondoka.

Yunusu alisimama pwani mpaka mashua ilipofichwa na mikoko ya ng'ambo. Aliporudi, Sada alikuwa ameketi mlangoni, hina mikononi, akitoa kibanzi cha ukili kilichoingia kidoleni.

"Kaenda?"

"Kaenda. Ila kile kingine kaondoka nacho."

"Nimeona."

Akamwambia aoshe mikono, chakula kinapoa.

Waliishi. Yunusu aliacha manukato, akajifunza kukamua mafuta ya nazi ya kupikia, akayauza kwa kibuyu, tena hakuyatia alama yoyote. Barazani alipewa nafasi katikati ya mkeka, naye aliketi hapo kwa sababu ya adabu. Kivinje hakukanyaga. Likwata hakuteremka tena na nta, wala hakuna aliyemtaja. Nyumbani kwao jina hilo halikutamkwa, hata baada ya watoto kuzaliwa, hata njaa ya baada ya vita ilipowaleta Wamatumbi pwani kwa makundi, mifupa mitupu, wakiomba muhogo. Sada aliwagawia. Yunusu alisaidia kubeba, na kila mmoja wao aliposhuka mtumbwini, yeye alimtazama shingo kwanza, uso baadaye.